Sauti Moja, Watu Wawili

Mashine ilifika tisini na nne kwa mia, ikasimama. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano asubuhi ilikuwa bado palepale, kijiduara chake kikizunguka kwenye kioo kama kuku aliyefungwa mguu.

"Nambike, hicho kitu kimekufa," alisema Senkondo, amesimama mlangoni na fimbo yake. Yeye ndiye mwenyekiti wa mfereji wetu, na tangu Jumatatu alikuwa hajanyoa ndevu.

"Hakijafa. Kinazunguka."

"Hata kichaa huzunguka."

Nilikuwa nimeshika ufunguo wa nyumba ya lango mwaka wa kumi na moja sasa, na nilijua ukibishana na Senkondo kabla hajanywa chai unapoteza siku. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja cha tofali, kimekaa juu ya ukingo wa ndiva, bwawa la udongo walilolichimba babu zetu huku mlimani kwa majembe ya mkono. Dirishani niliyaona maji yamejaa pomoni, kijani, yametulia. Chini ya ukingo milango miwili ya chuma ilikuwa imefungwa. Na chini ya milango, mashamba thelathini na manne ya tangawizi yalikuwa yanatazama juu.

Zamani lango lilikuwa na gurudumu, unalizungusha kwa mikono. Ofisi ya Zamu, inayopanga siku za maji, ililing'oa ile miaka ya ukame mkubwa, watu walipoanza kuibiana maji, wakatuletea hii mashine, Mgawaji. Mgawaji hufungua, Mgawaji hufunga. Ikija apdeti ya lazima, yaani programu mpya kutoka Ofisini, milango hujifunga yenyewe mpaka kazi iishe. Kwa kawaida ni dakika kumi.

Nilipiga simu Ofisini, nikaweka spika ili Senkondo asikie asije akasema nimeficha jambo. Hapo sikuwa na wasiwasi bado.

"Shikamoo bibi. Naitwa Prisila, fundi wa zamu."

"Marahaba mwanangu. Tumekwama."

"Pole sana. Tuanze na umeme. Unaona taa ngapi za kijani?"

"Tatu."

"Vizuri. Paneli ya jua umeifuta?"

"Nimeifuta mara mbili. Ya pili haikuwa hata na vumbi, niliifuta kwa hasira."

Alicheka. Akaniambia nibonyeze kitufe kikubwa na kuhesabu mpaka ishirini bila kuachia. Nikahesabu. Senkondo naye akahesabu nyuma yangu, yeye akafika ishirini mimi nipo kumi na tatu. Kioo kikawa cheusi, kikawaka, namba zikapanda: kumi, arobaini, themanini. Senkondo akasogea. Tisini na nne. Kuku akarudi kuzunguka.

"Chomoa waya wa antena, bibi, halafu rudia."

Nikachomoa, nikarudia. Tisini na nne.

"Sasa tutaingia kwenye ukaguzi. Bonyeza kitufe kikubwa na kidogo kwa pamoja. Itakuja orodha ndefu. Nitafutie mstari mwekundu, unisomee."

Orodha ikaja. Mstari mwekundu ulikuwa wa tano, na niliusoma kimya kimya:

SAUTI MOJA, WATU WAWILI. NAMBA 17 NA NAMBA 18. FUTA MMOJA ILI KUENDELEA.

"Unaona nini bibi?"

"Naona maandishi."

"Yanasemaje?"

"Mwanangu, herufi ni ndogo mno. Ngoja nikafuate miwani."

"Si hiyo hapo kichwani?" akauliza Senkondo.

"Hii ni ya mbali."

Prisila akasema nisiharakishe, ila nijue kwamba ikifika kesho saa sita mchana bila kumaliza, Mgawaji atajifunga kabisa, na hapo lazima afisa apande mwenyewe kutoka mjini. "Na kwa barabara hiyo ya kwenu, bibi, ni wiki mbili."

"Wiki mbili tangawizi itakuwa kuni," alisema Senkondo. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akatoka. Macho yake ni mabovu kuliko yangu. Nilishukuru Mungu kwa hilo, halafu nikaona haya kwa kushukuru.

*

Namba kumi na saba ni mimi. Namba kumi na nane ni wifi yangu Namcheja, dada wa marehemu mume wangu, ambaye naye ni marehemu. Tulimzika miaka miwili iliyopita, nyuma ya migomba yake, na kijiji kizima kilikuwepo.

Kila alfajiri Mgawaji hupiga simu kwa wenye zamu ya siku hiyo. Hutaja jina, mtu hujibu, "Nipo." Huita mara tatu, usipojibu, zamu hupita kwa mwingine. Sheria inasema aliyekufa jina lake lifutwe na zamu yake irudi Ofisini. Tena inasema mtu aliyepanda mlimani kutoka nyikani hapewi zamu mpaka akae miaka saba.

Sikudhani alipanda kutoka nyikani na watoto wawili, visima vya kwao vilipokauka. Namcheja alimpa kibanda cha uani. Mwaka haukuisha wifi akaanguka, upande mmoja ukafa, na aliyemgeuza kitandani, aliyemwosha, aliyemlisha uji kwa kijiko kwa miezi kumi na nne ni Sikudhani. Mimi nilikuwa naenda Jumapili, na ndizi. Siku mbili kabla ya kufa wifi alinishika kidole akasema, kwa ule mdomo wake uliopinda, "Maji yangu mpe huyu. Nimemlia nguvu zake."

Kwa hiyo sikupeleka taarifa ya kifo. Niliichukua simu yake. Ilipoita alfajiri nilikaza koo kidogo, nikasema, "Nipo." Wakati huo mashine haikuwa na maswali mengi. Watu niliwaambia nagawana na Sikudhani zamu yangu mwenyewe, jambo ambalo halikatazwi, na wakanisifu kwa ukarimu. Hizo sifa ndizo zilizokuwa zikinikereketa kuliko uongo wenyewe.

Sasa apdeti imekuja na masikio.

*

Nilimkuta Sikudhani shambani, amepiga magoti, anafunika machipukizi ya tangawizi kwa majani makavu ili jua lisiyachome. Mwanamke mrefu, mikono mikubwa. Anaponiona huinuka hata akiwa na kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa chini, tusionekane tunajadili." Nikamweleza. Mstari mwekundu, saa sita kesho, yote. Kisha nikampa uamuzi wangu, maana nilikuwa nimeshaamua njiani. "Nitajifuta mimi."

"Utajifuta vipi?"

"Namba kumi na saba. Sauti itabaki ya Namcheja. Wewe utabaki na maji, apdeti itaisha, watu watamwagilia. Mimi shamba langu ni tuta moja, nitapata hata ndoo."

"Na dawa zako za presha? Si zinatoka kwa namba hiyohiyo?"

Nilikuwa nimetumaini hatakumbuka. "Nitaongea na nesi."

"Utaongea naye kama nani? Kama marehemu?"

Sikudhani akachota udongo, akauponda kiganjani ukawa unga, akauachia.

"Mama, nikwambie kitu usinikasirikie. Kila maji yanapoingia kwenye tuta hili, mimi huinamisha kichwa. Miaka miwili. Mtu akipita njiani naona kama anahesabu. Mwanangu aliniuliza zamu yetu ni namba ngapi, nikamwambia nenda kacheze. Nimechoka kunywesha shamba kwa jina la mtu niliyemwosha maiti. Mfute yeye. Apumzike, na mimi nipumzike."

"Ukipumzika na tangawizi imekauka utakula nini?"

"Sijui. Ila wewe hutakuwa umekufa."

Nilikaa pale mpaka kivuli cha mgomba kikanipita. Nilikuwa nimejiona mkarimu, kumbe sikuwa nimemuuliza hata siku moja kama anataka maji ya namna hiyo. Nikatoa simu, nikampigia Prisila mbele yake, bila spika, tukasikiliza sikio kwa sikio.

"Mwanangu, nimepata miwani."

Nikamsomea mstari mwekundu.

"Bibi," akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya kusoma karatasi, "hilo ulilonisomea mimi nitaandika kwamba utalirekebisha mwenyewe kesho. Namba kumi na nane ni hai?"

"Hapana."

"Basi mfute. Na kwa kuwa umejibu kwa niaba ya marehemu, ufunguo utaondolewa kwako. Hilo siwezi kulizuia."

"Na anayetumia yale maji? Amekaa miaka mitatu na ushee tu."

"Sikiliza. Kuna ukurasa wa arobaini na moja wa maelezo ya hii apdeti, nadhani nimeusoma mimi na aliyeuandika. Miaka saba imeondolewa. Sasa mgeni anaingizwa kwa sauti kumi. Watu kumi wenye namba, wasimame mbele ya mashine siku hiyohiyo, kila mmoja aseme, huyu ni wetu. Zikitimia, anapewa zamu iliyo wazi. Zisipotimia siku hiyo, zamu inarudi Ofisini. Ya kwako haihesabiwi, bibi. Umeshaharibu."

"Kumi," nikasema.

"Kumi. Na apdeti lazima iishe kwanza. Yaani unafuta kabla hujajua kama utazipata."

Alipokata, Sikudhani alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole vyake vikubwa. Alifika wanne, akafunga mkono.

*

Alhamisi ni siku ya msaragambo, kazi ya wote. Hata siku hiyo, milango ikiwa imefungwa, watu walikuja na majembe kuzoa tope kwenye mfereji, kwa sababu ndivyo Alhamisi ilivyo. Chai ya tangawizi ilikuwa kwenye birika kubwa, juu ya mawe matatu. Sikudhani alikuwa ndani ya mfereji tangu alfajiri, tope magotini.

Saa tatu nilipanda kwenye ukingo nikawaambia wote waache majembe. Nikasema. Sikulipamba wala sikulia. Nilisema Namcheja amekuwa akiitika miaka miwili na mdomo ulikuwa wangu, na kwamba ndiyo maana siku nne hizi hawana maji.

Naanjela ndiye aliyeanza. Ni jirani yangu, tumekopeshana chumvi miaka thelathini. "Nambike! Mimi nimelia mbele ya mjukuu wangu kwa ajili ya tangawizi, na wewe umekaa na jibu mfukoni? Na kanisani unakaa benchi la mbele! Mwizi wa benchi la mbele!" Aliendelea. Alinikumbusha mambo ya tangu mume wangu akiwa hai. Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na mimi nikasimama nikayapokea yote, kwa kuwa mengi yalikuwa kweli. Mwanamume mmoja alichukua jembe lake akaondoka. Wa pili akamfuata.

"Umemaliza?" Senkondo akamuuliza Naanjela.

"Sijamaliza!"

"Basi pumua kwanza." Akanigeukia. "Kafute."

Tukaingia chumba cha lango, wengine wakajazana dirishani. Nikaweka kidole kwenye namba kumi na nane. Niliona jina lake kwa mara ya mwisho, Namcheja Mbwambo, na nikabonyeza. Kuku akaacha kuzunguka. Tisini na tano. Tisini na saba. Mia.

Chini yetu chuma kilikoroma, milango ikainuka, na maji yakatoka kwa kishindo kile ambacho tulikuwa hatujakisikia kwa siku nne. Nje watu walipiga vigelegele wakiwa bado wamenikasirikia.

Kwenye kioo ukabaki ukurasa wa mahudhurio ya marehemu. Senkondo alimwita mtu mwenye macho amsomee. Siku mia moja na nne za zamu, na zote ameitika mwito wa kwanza.

Senkondo akatikisa kichwa. "Namcheja, mwito wa kwanza! Akiwa hai alikuwa anaitwa mpaka jogoo anaona haya. Amekufa ndiyo kawa mwepesi." Watu wakacheka, kicheko cha kujizuia, kama cha msibani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nambike, mimi hutembea mfereji huu kila siku. Maji ya zamu moja hayajazi matuta ya watu wawili. Nimejua tangu mwezi wa kwanza."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Nikaufungua kwenye kamba ya kiuno nikampa. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoukumbuka.

Ndipo nikawaeleza kuhusu sauti kumi. Maji tu ndiyo yaliyokuwa yakiongea. Sikudhani alikuwa hajaingia ndani. Alikuwa kule kwenye mfereji, bado anazoa tope mbele ya maji yasije yakaziba, peke yake.

Senkondo alimtazama kupitia dirishani. "Wazee walisema asiyeshika jembe Alhamisi asishike maji Ijumaa. Nani hapa aliwahi kumkosa huyu Alhamisi? Maana mimi ninao watu wenye namba nzuri kabisa, na Alhamisi huugua." Baadhi wakaangalia miguu yao. Akasogea kwenye mashine. "Senkondo, namba moja. Huyu ni wetu."

MOJA, mashine ikaandika.

Akafuata mkewe. Akafuata mama wa mapacha, ambaye Sikudhani alimbebea kuni wakati wa uzazi. Wanne. Sita. Kuna waliotoka nje bila kusema, na sikuwalaumu. Tisa. Tukasubiri. Ilikuwa saa tano na nusu, na mwenye namba aliyebaki chumbani hajasema alikuwa Naanjela, amekunja mikono.

"Usinitazame," aliniambia.

Nikatazama ukuta.

Akasogea mwenyewe, akainama kwenye mashine, akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo wa mlango mbovu.

SAUTI HAITAMBULIKI, mashine ikaandika.

Alijaribu tena. HAITAMBULIKI. Sauti yote alikuwa ameimaliza kwangu.

Nadhani Senkondo ndiye aliyeanza kucheka, halafu chumba kizima, halafu Naanjela mwenyewe, bila sauti, mabega tu yakipanda. Mtu akakimbilia birika. Alinyweshwa kikombe cha kwanza, cha pili, tangawizi kali ya kutoa machozi, tukimzunguka kama mzazi. Akakohoa. Akajisafisha koo.

"Naanjela, namba ishirini na mbili," akasema, nusu binadamu. "Huyu ni wetu. Na huyu Nambike bado sijamaliza naye."

KUMI.

*

Usiku ule nililala kama mtoto aliyetokwa na homa. Hakuna simu iliyoniamsha.

Apdeti mpya haipigi tena simu, kwa kuwa simu huazimwa. Sasa mwenye zamu husimama langoni na Mgawaji huita kwa kipaza sauti, wote wakisikia. Ijumaa saa kumi na mbili tulikuwa pale watu kama ishirini, tumejifunika blanketi, ukungu ukitoka juu ya ndiva. Senkondo alikuwa na ufunguo, na alikuwa amenyoa. Naanjela alinipa mgongo, lakini alisimama karibu yangu kuliko mtu mwingine yeyote.

"Nambike Mbwambo."

"Nipo," nikasema, kwa sauti yangu.

"Sikudhani Kibwana."

Kimya. Alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, ameinamisha kichwa, anatazama jembe lake. Miaka miwili majina yanapotajwa yeye huangalia chini; shingo ilikuwa imeshazoea.

"Sikudhani Kibwana." Mwito wa pili.

Kinywa changu kilifunguka chenyewe. Koo likajikaza, kama lilivyojikaza siku mia moja na nne. Nikaingiza pindo la kanga mdomoni, nikaling'ata, nikafumba macho.

Maji yalikuwa yanagonga chuma kwa upande wa ndani.

"Sikudhani Kibwana."

"Nipo!" akapaza, kwa nguvu iliyowarusha ndege kwenye mafunjo, na milango ikaanza kuinuka.